Jeni ya APOL1: dawa ya figo isimpite Mkongomani mlangoni

Figo hazipigi kelele. Mtu anakwenda shambani, anauza sokoni, anafundisha darasani, na ndani yake figo zinaisha polepole kwa miaka. Siku anapofika hospitali, iwe Kinshasa, Lubumbashi au Bukavu, miguu imevimba, uso umevimba, chakula hakikai tumboni, na karatasi ya maabara inaonyesha kreatinini iliyopanda hata daktari anainamisha kichwa kabla ya kusema. Neno linalofuata ni dializi: mashine ya kusafisha damu, mara tatu kwa wiki, maisha yote, au mpaka pesa ziishe. Kwa familia nyingi pesa ndizo huisha kwanza. Kiwanja kinauzwa, kisha pikipiki, kisha watoto wanarudishwa nyumbani kwa kukosa karo ya shule. Vikao vitatu kwa wiki vinakuwa viwili, halafu kimoja.

Baada ya mazishi huanza maneno mengine. Kaka wa marehemu naye alikufa hivyo hivyo, hata miaka 40 hakufika. Shangazi pia. Basi nani anakula watu wa familia hii? Katika miji na vijiji vingi vya Kongo jibu hutafutwa kwa mjomba mzee anayeishi peke yake, au kwa mtoto anayesemwa kuwa ndoki. Kumbe katika baadhi ya familia hizo kuna kitu kweli kinachopita kutoka kwa wazazi kwenda kwa watoto. Kitu hicho kina jina, mahali pake ndani ya mwili panajulikana, na sasa kampuni kubwa za dawa zinakifukuzia kwa bidii. Ni jeni inayoitwa APOL1.

Habari za APOL1 husomwa zaidi Boston na London kuliko Kinshasa. Ni jambo la kushangaza, kwa sababu hadithi ya jeni hii ni ya bara hili, na sehemu yake kubwa inahusu ugonjwa ambao Wakongomani wanaujua kuliko taifa lingine lolote: malale, ule ugonjwa wa usingizi unaoletwa na mbung'o.

Binadamu anaumwa na mbung'o tangu zamani sana, na mbung'o hubeba vimelea vya aina nyingi vinavyoitwa tripanosoma. Ng'ombe akipata vimelea hivyo anakonda na kufa. Lakini aina nyingi za tripanosoma zinazoua ng'ombe haziwezi kumfanya binadamu lolote. Tangu mwanzo wa karne ya 20 wataalamu waliona kwamba maji ya damu ya binadamu huua vimelea hivyo, bila kujua kwa nini. Ilichukua karibu miaka 100. Mwaka 2003, kundi la watafiti wa Brussels lililoongozwa na Profesa Etienne Pays lilionyesha kwamba silaha hiyo ni protini inayotengenezwa na jeni ya APOL1. Protini hii huelea ndani ya damu pamoja na mafuta mazuri. Kimelea huimeza kikidhani ni chakula. Ikishafika ndani, inatoboa tundu kwenye ngozi ya kimelea, chumvi na maji vinaingia, kimelea kinavimba na kupasuka.

Ni aina mbili tu za tripanosoma zilizopata njia ya kujikinga na silaha hiyo, na ndizo zinazoleta malale kwa watu. Moja, iitwayo rhodesiense, iko upande wa mashariki: Uganda, Tanzania, Malawi, Zambia. Nyingine, gambiense, ndiyo ya Kongo na ya Afrika ya Magharibi. Ndiyo iliyojaza lazareti za wakati wa Wabelgiji. Ndiyo pia iliyorudi kwa nguvu wakati wa vita, hata mwaka 1998 wagonjwa wapya zaidi ya 26 000 wakaandikwa katika RDC peke yake.

Mbele ya adui huyo, mwili wa Mwafrika nao ulibadilika. Katika miaka elfu chache iliyopita, huko Afrika ya Magharibi, yalitokea mageuzi mawili madogo katika APOL1. Wataalamu wanayaita G1 na G2. Protini ya G2 inaweza kuua ile rhodesiense ambayo protini ya kawaida haiiwezi. G1 nayo, katika uchunguzi uliofanywa Guinea na kutolewa mwaka 2017, ilionekana zaidi kwa watu walioambukizwa gambiense bila kuugua. Aliyekuwa na mageuzi hayo alikuwa na nafasi zaidi ya kuishi na kuzaa, na wajukuu wake wakaenea. Leo kati ya Wayoruba wa Nigeria na makabila ya jirani mageuzi haya ni mengi mno. Ukienda Ethiopia karibu huyakuti. Katika bonde la Kongo yapo, ingawa si kwa wingi wa Nigeria na Ghana. Na kwa njia ya biashara ya watumwa yalivuka bahari mpaka Marekani, Karibi na Brazili.

Bei ya kinga hiyo ilijulikana mwaka 2010. Kwa muda mrefu madaktari wa Marekani walikuwa wakiona kwamba Wamarekani weusi wanafika kwenye dializi mara tatu au nne zaidi kuliko wazungu, na walikuwa na maelezo mengi: chumvi, umaskini, shinikizo la damu lisilotibiwa. Mwaka 2008 jeni nyingine, MYH9, ilishitakiwa. Miaka miwili baadaye ikaonekana kwamba MYH9 ilikuwa jirani tu wa mkosaji, kama mtu anayekamatwa kwa sababu nyumba yake iko karibu na ya mwizi. Mkosaji mwenyewe alikuwa APOL1 yenye G1 au G2. Mtu mwenye nakala mbili zilizogeuka, moja ya baba na moja ya mama, ana hatari kubwa zaidi ya figo zake kuharibika kuliko wengine. Karibu asilimia 13 ya Wamarekani weusi wana nakala mbili.

Sababu imekuja kueleweka kidogo kidogo. Chujio za figo zinashikiliwa na seli nyeti sana zinazoitwa podositi, na seli hizi hutengeneza APOL1 yao wenyewe. Ile protini inayotoboa kimelea, ikiwa ya aina ya G1 au G2 na ikiwa nyingi, inatoboa podositi pia. Chumvi za ndani zinavuja, seli inakufa, na chujio linaanza kupitisha protini kwenye mkojo. Ndiyo maana mkojo unatoa povu. Jambo la kuangaliwa ni kwamba protini ya APOL1 iliyo ndani ya damu haionekani kuwa na hatia. Hata kiasi chake katika damu hakimwambii daktari kama figo ziko hatarini. Ushahidi wa nguvu umetoka kwa watu waliopandikizwa figo: figo iliyotoka kwa mtu mwenye nakala mbili zilizogeuka hufa mapema zaidi, hata ikiwa sasa inakaa ndani ya mwili wa mtu asiye nazo. Ubaya uko ndani ya figo yenyewe.

Hapo ndipo neno ambalo wataalamu wanapenda, kiashiria cha ugonjwa, linapohitaji uangalifu. APOL1 ni kiashiria cha hatari. Haimaanishi ugonjwa upo. Wengi wenye nakala mbili wanazeeka na figo zao nzima. Kwa kawaida linahitajika jambo la pili la kuwasha moto, na katika mambo hayo virusi viko mstari wa mbele. Mwili unapopigana na virusi hutoa kemikali iitwayo interferoni, na interferoni hufanya seli zitengeneze APOL1 nyingi zaidi. VVU ndiyo mfano mbaya kuliko yote. Kabla ya dawa za kupunguza makali, katika Wamarekani wenye VVU na nakala mbili, inakadiriwa kwamba nusu walikuwa wanapata ugonjwa wa figo wa VVU.

Kinshasa ina ushahidi wake. Mwaka 2009 Daktari Ernest Sumaili na wenzake walichapisha matokeo ya kupima watu wazima 503 wa mji huo: asilimia 12,4 walikuwa na ugonjwa sugu wa figo. Miaka 10 baadaye kundi la Daktari Pepe Ekulu liliangalia watoto wa Kinshasa wanaoishi na VVU, likakuta kwamba wale wenye nakala mbili za hatari walikuwa na dalili za mapema za figo kuharibika kuliko wenzao. Ni watoto hao. Figo zao zilikuwa zimeanza kuvujisha protini kabla hawajamaliza shule ya msingi.

Kwa hiyo kidonge cha VVU, kwa mtoto wa namna hiyo, kinalinda figo pia. Hapa inafaa kusimama kidogo. Mwezi wa kwanza wa mwaka 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na vituo vingi vya Afrika vilivyokuwa vinagawa dawa za VVU vikatikisika. Wakati huo huo vita vya Kivu vilikuwa vinasukuma maelfu ya watu barabarani bila hata kitabu chao cha hospitali. Mazungumzo yalihusu watu watakaokufa na ukimwi. Hakuna aliyezungumza juu ya figo. Lakini mgonjwa anayekatiwa dawa leo na virusi vikapanda, akiwa na nakala mbili za APOL1, anaweza kurudishiwa dawa mwaka kesho na bado figo zisirudi.

Habari mpya zaidi ni za dawa. Ikiwa protini iliyogeuka inafanya madhara kwa kutoboa tundu, basi kidonge kinachoziba tundu kingeweza kuokoa figo. Kampuni ya Vertex ya Boston imetengeneza kidonge hicho, kinaitwa inaxaplin. Matokeo ya kwanza yalitoka mwezi wa 3 mwaka 2023: wagonjwa 16 wenye nakala mbili na ugonjwa wa chujio za figo walimeza dawa kwa wiki 13. Kwa 13 kati yao walioimeza vizuri, protini katika mkojo ilishuka kwa wastani wa asilimia 47,6. Watu 13 ni wachache mno, na hakukuwa na kundi la kulinganisha lililopewa kidonge kitupu. Lakini kwa ugonjwa ambao mpaka sasa hutibiwa kwa dawa za shinikizo na za kupunguza kinga ya mwili, ambazo huchelewesha tu, matokeo hayo yaliwashtua madaktari wa figo. Jaribio kubwa zaidi, lililopewa jina AMPLITUDE, lilifuata, na matokeo yake kamili yanangojewa. Kampuni ya AstraZeneca inajaribu njia nyingine, ya kuzuia jeni isitengeneze protini. Na katika Chuo Kikuu cha Duke, Daktari Opeyemi Olabisi anajaribu baricitinib, dawa ya zamani ya baridi yabisi, ili kupunguza ile amri ya interferoni. Njia hii ya mwisho inastahili kufuatwa kwa makini na nchi maskini, kwa sababu dawa iliyokwisha kuwepo sokoni hupata wauzaji wengi mapema, na bei hushuka.

Sasa swali la mtu wa Masina au wa Kadutu: dawa hiyo ni ya nani?

Jibu la kwanza liko katika dawa nyingine ya Vertex hiyo hiyo. Mwisho wa mwaka 2023, Uingereza na Marekani zilikubali Casgevy, tiba ya drepanositozi inayobadilisha jeni ndani ya chembe za damu za mgonjwa. Ni kazi ya ajabu, na wagonjwa wengi waliopewa waliacha kupata yale maumivu makali ya mifupa. Bei yake katika Marekani ni dola milioni 2,2 kwa mgonjwa mmoja. Nchi zenye watoto wengi zaidi wa drepanositozi duniani ni Nigeria, RDC na India. Mama wa Kinshasa mwenye mtoto mwenye drepanositozi alisoma habari hiyo kwenye simu, akashukuru Mungu kwa ajili ya wengine.

Haki itendeke kwa kampuni: kubadilisha chembe za damu kunahitaji hospitali ya hali ya juu, na bei haikuwa kizuizi peke yake. Inaxaplin ni kidonge. Kidonge hakihitaji chumba maalumu wala mashine. Kinapita mpakani ndani ya katoni. Ikikubaliwa, hakuna sababu ya kitaalamu ya kufanya kisifike Mbuji-Mayi. Kitakachokizuia ni bei, hati miliki, na serikali isiyouliza.

Jibu la pili liko katika hesabu ya nani alichunguzwa. Kwa zaidi ya miaka 10 karibu kila kitu kilichojulikana juu ya APOL1 na figo kilitoka kwa Wamarekani weusi. Mwaka 2024 ndipo mtandao wa watafiti wa Kiafrika, H3Africa, ulipotoa uchunguzi wa watu 8 355 wa Ghana na Nigeria. Walikuta asilimia 29,7 wana nakala mbili na asilimia 43 wana moja. Wenye nakala mbili walikuwa na uwezekano wa ugonjwa sugu wa figo uliozidi kwa robo. La kushangaza zaidi, hata nakala moja ilionekana kuongeza hatari kidogo, kinyume cha ilivyoaminiwa Marekani. Kama jambo la msingi namna hiyo lilijificha mpaka Waafrika wa Afrika walipohesabiwa, mambo mangapi mengine yamejificha? Majaribio ya dawa yaliyopanga kuwachukua wenye nakala mbili tu yalijengwa juu ya hesabu ya upande mmoja wa bahari.

Kuna pia swali ambalo lina uzito mkubwa Bandundu kuliko Boston. APOL1 ndiyo ngao ya binadamu dhidi ya tripanosoma za wanyama. Mtu akimeza kila siku, kwa miaka, kidonge kinachoziba tundu la APOL1, je, ngao hiyo inabaki? Kuna mtu mmoja anayejulikana katika vitabu vya tiba, mkulima wa India ambaye aliugua kimelea cha tripanosoma ambacho kwa kawaida hakishiki watu. Mwaka 2006 watafiti walieleza kwamba damu yake haikuwa na APOL1 kabisa, kwa sababu nakala zake mbili zilikuwa zimeharibika. Figo zake zilikuwa nzima. Watengenezaji wa dawa wanapenda mfano wake, kwa kuwa unaonyesha kwamba binadamu anaweza kuishi bila APOL1. Ni kweli. Lakini unaonyesha pia kilichompata. Anayeishi Boston hana mbung'o. Anayevua samaki kwenye mito ya Kwilu au ya Mai-Ndombe anaye, na tripanosoma za wanyama hazijawahi kutokomezwa. Moja yake imepewa hata jina la nchi hii, congolense. Swali hili haliwezi kujibiwa vizuri mahali pengine isipokuwa katika nchi zenye mbung'o.

Wanaosema kwamba Kongo haiwezi kufanya majaribio ya namna hiyo wamesahau historia ya karibu. Fexinidazole, dawa ya kwanza ya malale inayomezwa tu bila sindano ya mshipa, ilijaribiwa kwa wagonjwa 394 katika RDC na Jamhuri ya Afrika ya Kati, kazi ikiongozwa na Daktari Victor Kande pamoja na shirika la DNDi. Ilifanyika katika hospitali za mashambani zilizopelekewa umeme wa jua na mashine za maabara. Mwaka 2018 wakaguzi wa Ulaya walitoa kibali chao, na RDC ikaiandikisha mwezi mmoja baadaye. Leo wagonjwa wa malale wanaoandikwa kwa mwaka duniani kote hawafiki 1 000. Na INRB ya Kinshasa, ambayo imesoma jeni za virusi vya Ebola na mpox mara nyingi, haishindwi kupima mageuzi mawili ya jeni ya binadamu. Mashine zipo. Amri ndiyo haijatoka.

Hata hivyo amri hiyo isiwe ya kupima kila mtu. Kuna hatari ya kweli hapa, na Wakongomani wanaijua kutokana na drepanositozi. Makanisa mengi huwataka wachumba walete karatasi ya elektroforezi kabla ya ndoa. Nia ni njema, lakini ni wasichana wangapi wameachwa kwa sababu ya herufi moja kwenye karatasi, na majirani wote wakajua? APOL1 ikitangazwa vibaya itakuwa karatasi ya pili ya kuvunja uchumba, tena kwa sababu dhaifu zaidi, maana wengi wa wenye nakala mbili hawataugua kamwe. Mwajiri asiione. Kampuni ya bima isiione. Kumpima mtu mzima asiye na dalili, wakati dawa haijafika, ni kumpa mzigo wa kulala nao bila kumpa pa kuutua.

Wapo lakini watu ambao kipimo kingewafaa tangu leo. Wa kwanza ni ndugu anayejitolea kutoa figo. Wenye uwezo hupeleka wagonjwa wao India au kwingineko, wakiwa na mtoaji wa familia: kaka, dada, mtoto mkubwa. Huyo mtoaji ni wa damu moja na mgonjwa ambaye figo zake zimekufa, labda kwa jeni hiyo hiyo. Akiwa na nakala mbili, atabaki na figo moja iliyo hatarini, na ile aliyotoa inaweza kufa mapema ndani ya mwili wa nduguye. Familia inaweza kuwazika wawili kwa kutaka kumwokoa mmoja. Kumpima mtoaji kabla ya kupanda ndege kungegharimu kidogo sana ukilinganisha na tiketi. Wa pili ni watoto na vijana wenye VVU ambao mkojo wao umeanza kuonyesha protini. Wa tatu ni wagonjwa vijana wa figo wasio na kisukari, ambao kwenye faili zao huandikwa "shinikizo la damu" kwa kukosa neno lingine. Mara nyingi shinikizo lilikuja baada ya figo kuumia, wala si kabla.

Katika jambo hili la faili kuna somo dogo la pembeni. Kwa miaka mingi hesabu iliyotumiwa duniani kukadiria nguvu za figo ilikuwa na namba ya kuongeza kwa "weusi", kana kwamba weusi wote wana mwili mmoja. Daktari Justine Bukabau wa Kinshasa na wenzake walipima watu wa Kongo na wa Côte d'Ivoire, wakaonyesha kwamba namba hiyo haifai kwao. Mwaka 2021 Marekani nayo ikaiondoa. Rangi ya ngozi haisemi kitu juu ya APOL1: Mwethiopia na Mnigeria wote ni weusi, mmoja karibu hana mageuzi haya, mwingine anayo kwa wingi. Hospitali ya Kongo inayoendelea kutumia hesabu ya zamani inawaambia wagonjwa wake kwamba figo zao zina nguvu kuliko zilizo nazo.

Kabla ya jeni kuna mkojo. Kijiti cha kuchovya kwenye mkojo kuona protini ni moja ya vipimo vya bei ndogo kabisa katika tiba. Mashine ya kupima shinikizo la damu iko karibu kila kituo cha afya. Vitu hivyo viwili, vikitumika kila mwaka kwa wenye VVU, wenye shinikizo, wenye kisukari na ndugu wa wagonjwa wa dializi, vingewaona wengi mapema, wakati vidonge vya kawaida vya shinikizo vinaweza bado kuwapa miaka. Mpango wa afya kwa wote ulianza mwaka 2023 na uzazi bila malipo, na ulikuwa mwanzo mzuri. Kijiti cha mkojo hakingeuvunja mfuko huo.

Linalobaki mikononi mwa Wizara ya Afya ya Umma ni mambo ambayo hayasubiri matokeo ya AMPLITUDE. Moja ni rejista ya taifa ya wagonjwa wa figo: wako wangapi, umri gani, jimbo gani, nini kiliharibu figo zao. Kampuni inapopanga wapi pa kufanya jaribio, au inapokubali kupunguza bei, huuliza idadi ya wagonjwa. Nchi inayojibu "ni wengi" haipewi kitu. La pili ni masharti ya damu inayotoka nje. Sampuli za Wakongomani zikienda kusomwa jeni katika maabara za ng'ambo, makubaliano yaandike mapema kwamba dawa itakayotokana na kazi hiyo itauzwa hapa kwa bei ya hapa, na kwamba watafiti wa Kinshasa na Lubumbashi watakaa mezani kama wenye kazi, si kama wabebaji wa friji. Kamati ya taifa ya maadili ya afya ina uwezo wa kukataa mradi usio na kifungu hicho.

La tatu ni kutuma barua. Vertex na AstraZeneca zina ofisi, zina anwani, na zinatafuta wagonjwa wenye nakala mbili za APOL1. Swali la mbung'o na kidonge, lililoandikwa na madaktari wa malale wa Kongo wanaojua ugonjwa huo kuliko mtu yeyote, lingetosha kuifungua barua hiyo.